Kopepodi wa kuanzia kwenye tangi la matumbawe: Tisbe au Tigriopus?

Kaka wa Muscat, umeuliza ununue kopepodi gani (vijidudu vidogo sana vya majini, jamii ya kamba) kwa ajili ya mandarini, yule samaki mdogo wa rangi nyingi anayewala, unayetaka kumweka kwenye tangi lako la lita 200 lenye miezi mitatu, na kama chupa moja ya Tigriopus uliyoiona dukani itatosha. Haitoshi. Anza na Tisbe, Tigriopus mchukulie kama kitoweo cha mara moja moja, na huyo mandarini mwache dukani kwanza.

Tigriopus californicus anauzika kwa sababu anaonekana. Mwili wake unafika milimita moja hivi, una rangi ya machungwa, na anavyorukaruka ndani ya chupa muuzaji hahitaji maneno mengi. Kwao ni vidimbwi vya miambani kwenye pwani ya Pasifiki ya Amerika Kaskazini, ambavyo leo vinakaushwa na jua na kesho vinajazwa mvua, ndiyo maana anastahimili mabadiliko ya chumvi na joto kuliko wenzake wengi. Ila vidimbwi vile kwa kawaida havina samaki, na yeye hana desturi ya kujificha. Mmwage kwenye tangi lenye Halichoeres (samaki wanaowinda vijidudu) wawili watatu uone kama kesho utamkuta hata mmoja. Mimi humfuga kwenye ndoo pembeni na kumtoa kama chakula hai; sitegemei azaliane ndani ya tangi.

Tisbe ni mdogo, mweupe-mweupe, na ukitazama mchana utadhani hakuna kitu. Huyu anaishi kwenye vitundu vya mawe na juu ya kioo, anakula mabaki na utando unaojijenga humo, na kwenye maji ya nyuzi 26 au 27 anaongezeka haraka. Ndiye anayejenga kizazi cha kudumu. Zima taa zote, subiri usiku uingie, kisha mulika kioo kwa tochi: vidoti vinavyotambaa ndio hao. Apocyclops panamensis namweka wa pili. Anapenda joto, na mabuu wake huelea majini, kwa hiyo matumbawe na samaki wenye midomo midogo nao hupata chochote.

Wale wa kundi la kalanoidi, akina Parvocalanus na Acartia, usipoteze pesa. Wanaishi maisha yao yote wakielea, wanataka mwani hai majini kila wakati, na chujio zetu zinawamaliza. Wana thamani kubwa kwa wanaokuza mabuu ya samaki, kwani mabuu yao wenyewe ni madogo mno. Sisi wa sebuleni hawatuhusu.

Chupa ya mchanganyiko si mbaya, lakini angalia kilichomo. Chukua kioo cha kukuzia: jike la Tisbe au Tigriopus hubeba mfuko mmoja wa mayai, Apocyclops hubeba miwili, mmoja kila upande. Chupa ikinuka kama mayai yaliyooza, irudishe. Hapa Dubai kiangazi siagizi kabisa chupa ya kuletwa na pikipiki mchana, naifuata mwenyewe na kiboksi cha baridi.

Kuwaweka: usiku, taa zimezimwa, skima (chombo kinachotoa uchafu kwa povu) na taa ya UV ya kuua vijidudu zimezimwa kwa saa kadhaa, soksi ya chujio imetolewa. Iache chupa ielee kwanza ili joto lilingane. Nusu wapeleke kwenye refujia, yaani sehemu ya pembeni yenye mwani wa Chaetomorpha, wasikofikiwa na samaki, nusu wamiminie chini karibu na mawe. Baada ya hapo walishe kidogo kidogo mwani wa kijani au wa kahawia. Mimi huchanganya Tetraselmis na Isochrysis. Ukimimina mwingi utaongeza nitrati tu.

Sasa mandarini. Huyu huokota kopepodi mchana kutwa, mmoja mmoja, na wengi wao hawagusi chakula kilichogandishwa. Miezi mitatu mawe bado hayajakomaa. Ningesubiri mwaka hivi, tena nisiwe na samaki mwingine anayewinda kwenye mawe yale yale. Yule pono mdogo mwenye mistari sita wanayempenda watu atammalizia chakula chote. Ukishindwa kabisa kusubiri, tafuta aliyezalishwa kwenye matangi na aliyefunzwa kula chakula cha punje, na umwone akila kabla hujatoa pesa. Mtazame tumbo: likiwa limebonyea, mgongo umechongoka, usimbebe kwa huruma, mara nyingi amekwishachelewa.

Na lile wazo la kuchota planktoni baharini kwa wavu, hapana. Utaingiza haidroidi (viumbe vidogo vyenye kuwasha vinavyojishika kwenye mawe) na vimelea, na kuwatoa humo ni kazi ya kubomoa mawe yote.