Kozi za hiari: chagua ile ambayo hutaisoma peke yako

"Kaka, mchepuo gani una ajira?" Swali hili hunifikia kila wadogo zangu wa sayansi ya kompyuta wanapokaribia mwaka wa tatu, aghalabu usiku, siku moja kabla usajili wa kozi haujafungwa. Wengi huwa wameshajijibu: akili mnemba.

Jibu langu huwakera. Katika usaili wote niliofanya, na ule ninaowafanyia wengine sasa, sijasikia mtu akiulizwa jina la mchepuo wake. Huulizwa hivi: ukiandika anwani ya tovuti kwenye kivinjari, nini kinatokea mpaka ukurasa ufunguke? Anayeijua DNS (inayogeuza jina la tovuti kuwa namba ya seva), TCP (kanuni za kusafirisha data mtandaoni) na mfumo endeshi hapo huongea mpaka azuiwe. Aliyeishi kwa madesa huangalia dari.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: ukiiacha kozi hii chuoni, utaigusa tena? React, zana ya kutengenezea kurasa za tovuti, ilitoka mwaka 2013, na utaimudu kwa video na bando la wiki. Kompaila (programu zinazotafsiri msimbo kwenda lugha ya mashine), mifumo endeshi, hifadhidata kwa undani, hizo hakuna anayezisoma Jumamosi kwa kupenda. Zinataka mwalimu wa kukubana na tarehe ya kukusanya kazi.

Chukua hifadhidata. Mimi nafanya kazi kwenye mifumo ya malipo ya simu. Mama yuko dukani, mtandao unasuasua, anabonyeza "tuma", haoni kitu, anabonyeza tena. Seva imepokea maombi mawili, na pesa lazima ikatwe mara moja tu. Je, seva ikizimika baada ya salio la mtumaji kupungua, kabla la mpokeaji halijaongezeka? Ama yote mawili yafanyike, ama lisifanyike hata moja. Hifadhidata za majedwali zinazoshika pesa hizo zimejengwa juu ya wazo la kupanga data kwa majedwali, ambalo mtafiti Edgar Codd alilichapisha mwaka 1970, na bado linakula mshahara. Haya niliyapata kwenye kozi ya hiari iliyokimbiwa na wengi kwa sababu ilisifika kwa sapu.

Unataka akili mnemba? Sawa, ila tanguliza takwimu na aljebra ya mstari. Mbinu ya kufunza mitandao ya neva, uti wa mgongo wa akili mnemba ya leo, ambayo watafiti Rumelhart, Hinton na Williams waliieneza mwaka 1986, kiini chake ni kalkulasi uliyoanza nayo kidato cha tano na sita. Bila hesabu utaishia kunakili programu za watu. Usalama wa mitandao ya kompyuta nao uje baada ya mitandao yenyewe, na kama hakuna maabara ya kufanyia mazoezi, achana nao.

Chuo kikikuruhusu kozi ya nje ya idara, kasome uhasibu. Sitanii. Programu nyingi zinazolipiwa hapa Tanzania zinahesabu pesa za mtu. Sheria pia si mbaya, maana tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, namba ya simu ya mteja si kitu cha kuhifadhi ovyo.

Na ile kozi laini ya kupandisha GPA? Chukua moja, ufadhili wa shahada ya pili hautazami moyo wako. Moja, si nne.

Kabla ya kusajili, waombe waliotangulia karatasi za kazi za nyumbani za kozi hiyo, si mitihani. Ukizipekua mpaka mwisho bila kukuta programu hata moja ya kuandika, tafuta kozi nyingine.