Kanisa la Viti Sitini: Maswali ya Wahudumu wa Malindi

Barua za mwezi huu zimetoka Malindi na viunga vyake, karibu zote kutoka makanisa machanga yanayokutana darasani siku ya Jumapili, chini ya turubai, au katika chumba cha mabati cha kukodi. Tumezifupisha na kuondoa majina.

Bwana asifiwe. Niliokoka mwezi wa pili. Kufikia mwezi wa nne nilikuwa nimekabidhiwa timu ya sifa, watoto wa Shule ya Jumapili na funguo za kanisa. Washirika hatufiki sitini. Sasa nimekauka. Mahubiri siyasikii kwa kuwa niko nje na watoto, na nikiambiwa niombe, naomba maneno ya jana. Je, nimerudi nyuma? — Dada wa Maweni

Hujarudi nyuma, dada yetu. Unawapakulia wengine huku mwenyewe hujatia tonge kinywani. Hesabu Jumapili nane zilizopita: ni ngapi uliketi ukasikiliza neno mwanzo hadi mwisho? Zikiwa chini ya nne, anza kurekebisha ratiba kabla ya kuitilia shaka imani yako. Martha wa Luka 10 hakukemewa kwa kupika. Aliambiwa anasumbukia mengi, na wewe mengi yako tunayaona: ni matatu.

Baki na moja, ile ambayo unaifanya pamoja na wenzako. Kwa maelezo yako, hiyo ni timu ya sifa. Mbili zilizobaki usizitupe ghafla. Toa wiki nne, na katika wiki hizo mtu mwingine akae nawe aone daftari la mahudhurio liko wapi, kufuli gani linakwama, mtoto yupi hali karanga. Mchungaji mwendee katikati ya wiki, maana Jumapili baada ya ibada ana watu ishirini wanaomvuta mkono. Mpe pendekezo, malalamiko yaache nyumbani: “Mchungaji, nitabaki na sifa. Watoto nitawashika Jumapili moja kwa mwezi. Funguo naomba apewe anayekaa karibu.” Ombi la namna hiyo ni rahisi kukubaliwa.

Na hiyo Jumapili moja, usikae na watoto peke yako. Watu wazima wawili, mlango wazi, na mtoto aondoke na yule aliyemleta. Sheria hiyo inamlinda mtoto, na inakulinda wewe pia siku maneno yatakapozuka.

Sasa neno kwa wachungaji wanaosoma. Tunajua kwa nini hutokea: mikono ni michache na huyu mpya ana bidii. Lakini 1 Timotheo 3:6 inakataza kumpa uongozi aliyeongoka karibuni, na aya ya 10 yataka mashemasi wajaribiwe kwanza. Kipimo tunachokipendekeza (ni chetu, hakimo kwenye Maandiko) ni miezi mitatu ya kuketi na kufundishwa, kisha miezi sita ya kazi isiyo na mikrofoni: kupanga viti, kufagia, kusimama mlangoni. Hapo ndipo tabia ya mtu huonekana, maana hakuna anayepigiwa makofi kwa kufagia. Baada ya hapo aongoze akiwa na mwenzake. Mmishonari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kazi Rabai mwaka 1846, na ilipita miaka kadhaa kabla ya kubatiza mtu wa kwanza. Wewe mchungaji, kanisa lako lina miezi minane na tayari lina idara kumi na moja.

Mimi ni mweka hazina. Kanisa halina akaunti. Sadaka ya kapu naihesabu nyumbani, ya simu huingia kwa laini ya mchungaji. Juzi mzee mmoja kauliza kikaoni pesa za mabati ziko wapi. Mchungaji ameudhika, anasema ni roho ya uasi. Nimekaa katikati. — Muyeye

Kuuliza hesabu si uasi. Paulo alipokuwa akipeleka mchango wa makanisa hakuubeba peke yake. Alifuatana na wenzake waliochaguliwa, na katika 2 Wakorintho 8:20-21 anasema wazi kwamba hataki kulaumiwa, na kwamba mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu vilevile. Mtu mwaminifu ndiye anayefaidika kwanza na utaratibu huu, kwa sababu siku ya kusingiziwa ana karatasi.

Kuanzia Jumapili ijayo, kapu lisitoke kanisani kabla halijahesabiwa. Wahesabu wawe wawili wasiotoka nyumba moja (mume na mke ni mtu mmoja kwa jambo hili), na wewe uwe wa tatu, wa kuandika. Pangeni noti kwa thamani. Kila mmoja ahesabu fungu lake, kisha wabadilishane wahesabu tena. Hesabu zikitofautiana, anzeni upya. Msikubaliane tu ili muwahi chakula. Daftari liwe la kushonwa, kurasa zipigwe namba kwa wino. Ukurasa wa siku uonekane hivi: noti za 1000, mbili, za 500, tano, za 200, kumi na moja, za 100, ishirini na tatu, za 50, kumi na nane, sarafu 640. Jumla 10,540. Sahihi tatu chini yake. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa, andika hesabu iliyo sawa pembeni, tia sahihi yako. Daftari lililofutwa kwa kifutio haliaminiki hata kama hesabu ni sawa.

Bahasha za fungu la kumi huleta ugomvi wa kimyakimya: nje imeandikwa 2,000, ndani mna 1,500. Andikeni kilichomo, mbele ya wote wawili, na bahasha mwitunze hadi mwisho wa mwezi.

Pesa nyingi za makanisa machanga hazipotei kwa wizi. Hupotea dakika kumi baada ya ibada, pale mtu anapochota nauli ya mgeni kwenye kapu, mwingine akachukua ya petroli ya jenereta, na jioni hakuna anayekumbuka. Mkishafungua akaunti, kilichohesabiwa kipelekwe benki Jumatatu kizima kama kilivyo. Kwa matumizi madogo tengeni shilingi 3,000 kwenye kasha. Kila inayotoka iache risiti ndani. Mwenye tuktuk hatoi risiti, basi andikeni kikaratasi: tarehe, kutoka wapi hadi wapi, kiasi, sahihi ya aliyepokea. Zikibaki 500, lazima humo ndani mna karatasi za 2,500. Zisipofika, mmejua siku hiyo hiyo.

Kuhusu laini ya mchungaji: hata akiwa malaika, laini yake ina karo ya watoto, deni la dukani na sadaka, vyote kwenye salio moja. Hata yeye hawezi kutenganisha. Laini mpya ya kanisa ni afadhali, lakini nayo husajiliwa kwa jina la mtu mmoja, na akifariki pesa hizo huenda zikahesabiwa kuwa zake. Itumieni kwa muda tu, mkichapisha taarifa ya M-Pesa kila mwezi. Suluhisho lenyewe ni akaunti ya benki yenye namba yake ya Paybill. Benki itataka cheti cha Msajili wa Vyama, katiba yenu, na muhtasari wa kikao kilichowateua watia sahihi. Sheria ya vyama ya Kenya huhesabu watu kumi au zaidi walioungana kuwa chama, kwa hiyo msijione wadogo mno kusajiliwa. Watia sahihi wawe watatu, wawili kati yao wakitosha kutoa pesa. Kwa maoni yetu mchungaji anayelipwa na kanisa asiwe mmoja wao. Wapo wanaofanya vinginevyo, lakini hatujaona faida yake.

Pesa za mabati zipewe safu yake daftarini, zisikopeshwe hata kwa wiki moja. (Na mkifika kununua, msikimbilie geji 30 kwa sababu ya bei. Kadiri namba inavyopanda bati huwa jembamba, na chumvi ya bahari huku kwetu haina huruma na bati jembamba.) Jumapili ya kwanza ya mwezi bandikeni ukutani mistari minne: salio la mwanzo, zilizoingia, zilizotoka, salio la mwisho. Majina ya watoaji yasiwemo.

Utamwambiaje mchungaji? Usiende na maswali, na usiende peke yako. Nenda na mzee anayemheshimu, mkiwa mmebeba daftari jipya tupu. Mwambieni mnataka kuanza tarehe fulani. Kwa hesabu za nyuma, washirika wawateue watu wawili, wakae naye na taarifa ya laini yake, waandike walichokiona, wafunge.

Jirani zetu wengi ni Waislamu na tunaishi vizuri, ila kesha ya Ijumaa imeleta maneno. Kanisa ni la mabati, spika mbili kubwa zinaelekea mlangoni. Tufanyeje? — Mzee wa kanisa, Barani

Watu arobaini ndani ya chumba cha mita nane kwa kumi hawahitaji spika, baba. Wanahitaji mhubiri asiyekimbiza maneno. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zimeweka kikomo cha sehemu za ibada kuwa desibeli 40 mchana na 35 usiku, na usiku wenyewe huanza saa mbili. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni kama desibeli 60. Kwa hiyo jirani akienda kushtaki, hamna utetezi.

Kama ni lazima kutumia mitambo, zimeni besi kwanza. Sauti nzito ndiyo inayopenya ukuta na kutikisa kitanda cha mtoto wa jirani, na ndiyo isiyowasaidia kuelewa neno hata moja. Spika zielekezwe ndani, kwa watu, na zishushwe hadi kimo cha kichwa. Mabati hurudisha sauti kama debe, ndiyo maana fundi wenu huzidi kuongeza akidhani haisikiki. Mikeka na mapazia mazito ukutani husaidia kidogo. Dari la makuti chini ya bati husaidia zaidi. Msimu wa kusi upepo hupeleka sauti kaskazini, basi wanaoumia ni wa upande huo, hata kama nyumba ya kusini ndiyo iliyo karibu. Anzeni kupiga hodi huko.

Piga hodi siku mbili kabla, mkiwa wawili, mseme mnamaliza saa ngapi, na mmalize saa hiyo. Ramadhani hamisheni kesha iwe maombi ya Jumamosi mchana. Tarawehe, sala zao za usiku, na spika yenu hazina haja ya kushindana.

Kanisa la mama limetangaza mfungo wa siku 21, bila chakula hadi jioni. Mama anameza dawa za sukari na presha. Anasema akila atakuwa amemwangusha Mungu. — Kaka wa Ganda

Hapa hatutasema polepole. Mtu anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asianze mfungo wowote bila kuonana na daktari wake, kwa sababu dawa huendelea kushusha sukari hata tumbo likiwa tupu. Dalili za sukari kushuka mno ni kutetemeka, jasho jembamba, moyo kwenda mbio, kisha kuongea mambo yasiyoeleweka. Wapendwa wengine huiona hali hiyo wakadhani ni upako. Akiwa bado anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya maji, ngoja dakika 15, rudia kama hajatulia, kisha ale. Akiwa hawezi kumeza usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Dawa ya presha, ya kifua kikuu na ya virusi vya UKIMWI haziachwi kwa ajili ya mfungo. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto wasiwekwe kwenye orodha kabisa.

Usibishane na mama mbele ya wenzake. Msomee Matendo 27:33-36: watu wa merikebuni wamekaa siku kumi na nne bila kula, dhoruba haijatulia, na Paulo ndiye anayewasihi wale, kisha anaumega mkate mbele yao. Halafu Isaya 58, ambapo mfungo anaoutaka Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula. Mama anaweza kufunga maneno, televisheni, au kutoa unga wa kibaba kila siku kwa jirani.

Viongozi watangaze mambo matatu kabla ya mfungo wowote: maji yanaruhusiwa, mgonjwa hafungi, na hakuna anayehesabiwa. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, bara ya Malindi yetu hii, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliohusishwa na mafundisho ya kujinyima chakula. Baada ya hapo, kanisa lolote la huku likimwambia mshirika aache dawa au amnyime mtoto chakula, mtoeni mgonjwa siku hiyo hiyo na mpige ripoti kwa chifu au polisi.

Meza ya Bwana kwa watu 60: juisi kiasi gani? Na mbona mara ya mwisho ilikuwa na povu? — Shemasi, Gede

Kikombe kidogo kikijazwa theluthi mbili huchukua kama mililita 10. Watu 60 ni mililita 600, basi lita moja yatosha na ya kumwagika. Mkate mmoja wa gramu 400 utabaki zaidi ya nusu ukikatwa vipande vya sentimita moja.

Povu limekuja kwa sababu mlifungua Jumamosi. Kwa joto hili juisi iliyofunguliwa ikilala nje ya friji huchacha kabla ya jua kupanda. Fungueni saa moja kabla ya ibada, mimineni kwa birika dogo la chai lenye mdomo mwembamba, na mfunike sinia kwa kawa, maana nzi hawangoji maombi ya ufunguzi. Vikombe vioshwe siku hiyo hiyo. Juisi ikikaukia chini, Jumapili ya pili mtaikwangua kwa kijiti.