Wiki ya mwisho ya Julai: mtazame mlima kabla ya kutazama juu

Maswali yenu ya wiki hii yametoka pande zote mbili, kwa wanaoishi tambarare za Teso na kwa wanaoishi kwenye miteremko ya mlima Elgon, huku mashariki mwa Uganda. Ni vizuri, kwa sababu mvua yenu ni moja. Mwisho wa Julai tuko ndani kabisa ya msimu. Asubuhi jua linatoka, mchana joto linapanda, mawingu yanaanza kurundikana mlimani saa sita au saba, na jioni ngurumo. Utabiri wa kila siku usikilizeni kutoka kwa watabiri wa hali ya hewa wa serikali. Hapa tuongee jinsi ya kuutumia.

Shikamoo. Nimeng'oa karanga juzi na mvua inanisumbua. Je, nitapata siku tatu za jua mfululizo? (Mama mkulima, Kumi)

Marahaba, mama. Siku tatu kavu mfululizo usizitegemee mwezi huu. Tegemea asubuhi zake. Ukianika saa mbili umande unapokauka na kuanua saa saba, una saa tano za jua kwa siku, na kwa wiki moja hizo ni nyingi. Kinachoharibu karanga ni kule kulowa, kukauka nusu, kisha kulowa tena. Hapo ndipo ukungu unapoingia na kuacha sumukuvu, sumu isiyoonekana kwa macho wala kutoka kwa kupika, inayoumiza ini, na watoto ndio huumia zaidi.

Kwa hiyo usianike kwenye udongo mtupu, hata kama uwanja umefagiliwa vizuri. Ardhi ya Julai ina maji, na joto la jua likiipiga yanapanda moja kwa moja kwenye maganda. Tandika turubai, au jenga kichanja cha miti kifike kiunoni. Tandaza karanga ziwe safu nyembamba, zigeuze mara kwa mara. Ukiona kilele cha wingu upande wa mlima kimetanuka kama uyoga, anua, hata kama juu yako ni bluu tupu. Usirundike magunia ndani zikiwa na unyevu. Ziache zimetandazwa sakafuni juu ya turubai usiku kucha. Zimekauka pale unapotikisa ganda na kusikia punje inalia ndani. Zilizopasuka na zilizosinyaa zitenge, na usimpe mtoto eti kwa sababu hazitanunuliwa sokoni.

Redio imesema uwezekano wa mvua ni asilimia 60. Maana yake itanyesha zaidi ya nusu ya siku? (Msikilizaji, Ngora)

Hapana. Maana yake ni kwamba katika siku kumi zenye hali kama hiyo, sita hunyesha na nne hupita kavu. Haisemi itanyesha kwa muda gani wala itakuwa nyingi kiasi gani. Dakika ishirini za mvua ya Elgon zinaweza kuwa nzito kuliko manyunyu ya mchana kutwa.

Mimi ni dereva wa teksi, Mbale. Mvua ikiwa imeisha mjini, nisubiri muda gani kabla ya kuvuka daraja la chini?

Kaka, hili ndilo swali lililonifanya niandike leo. Mvua ya mjini si kipimo cha mto. Mito ya Nabuyonga na Namatala inayopita Mbale inapata maji yake juu kwenye milima, na maji ya huko yanaweza kukufikia wakati wewe umeshakunja mwavuli. Kuna siku mjini hainyeshi kabisa na mto unakuja umejaa.

Usiku wa kuamkia Jumapili, 31 Julai 2022, mito hiyo ilivunja kingo baada ya mvua kubwa. Watu zaidi ya 20 walikufa, na miongoni mwao walikuwa abiria ambao gari lao lilisombwa. Ilikuwa wiki kama hii hii. Siwezi kuifikia bila kuwakumbuka.

Kwa hiyo dakika za kusubiri sitakutajia, maana hakuna idadi ya kweli. Nitakutajia alama. Maji yakibadilika rangi kuwa ya udongo, yakibeba matawi na takataka, au ukisikia mngurumo mzito upande wa juu, simama mbali. Maji yakiwa yamefunika barabara na huoni lami, huwezi kujua kama lami bado ipo. Maji yanayofika nusu ya gurudumu na yanayokwenda kasi yanatosha kuinua gari dogo. Abiria watapiga kelele kwamba wamechelewa, waache wapige. Na usiku usivuke kabisa. Wapigie simu madereva wenzako wanaolala Wanale, huko juu mlimani, waulize kunanyesha vipi. Hiyo simu ya shilingi chache ni utabiri bora kuliko wangu.

Kuna ufa mpya kwenye shamba letu la kahawa juu ya nyumba. Mzee anasema ni jua lililopasua udongo. Tufanye nini? (Bududa)

Ondokeni leo, dada, kisha mjadiliane mkiwa mahali salama. Udongo wa mfinyanzi hupasuka kwa jua, ni kweli, lakini nyufa hizo ni ndogo, zinakwenda kila upande kama utando, na mvua ikija zinajifunga. Ufa unaopita kukata mteremko, mrefu, upande mmoja ukiwa umeshuka chini ya mwingine, ni mlima unaoanza kuondoka. Angalieni na haya: miti au nguzo zilizoinama, mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa unakwama, chemchemi mpya mahali palipokuwa pakavu, au chemchemi ya zamani iliyokauka ghafla.

Mwambieni mzee kwa heshima kwamba kijiji cha Nametsi, hapo hapo Bududa, pia palikuwa na nyumba, maduka na kituo cha afya hadi 1 Machi 2010, mlima ulipoporomoka na kuzika mamia ya watu. Bududa ililia tena Oktoba 2018, na Bulambuli Novemba 2024. Udongo mzito wa miteremko hii hunywa maji siku nyingi, halafu unateleza juu ya mwamba. Ndiyo maana maporomoko yanaweza kuja hata mvua ikiwa imekatika. Mpeni taarifa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na majirani wa chini yenu wajue, kwa sababu udongo hautasimama kwenye mpaka wa shamba lenu. Najua kuacha kahawa na makaburi ya wazazi si jambo dogo. Kahawa mtaweza kurudi kuichuma mchana wa jua. Lakini usiku msilale hapo.

Dada yangu aliyeko Uingereza anasema sasa ni majira ya joto. Na sisi je, ni kiangazi? (Mwanafunzi, Soroti)

Kwetu, karibu na ikweta, jua hupita utosini Machi na Septemba, na joto halibadiliki sana mwaka mzima. Misimu yetu tunaigawa kwa mvua. Julai ukanda wa mvua umelifuata jua kaskazini, na hewa yenye unyevu inatoka upande wa Kongo, kwa hiyo Teso, Acholi na Elgon wanapata mvua. Wakati huo huo Mbarara, kusini-magharibi, wako kwenye kiangazi, wanatafutia ng'ombe maji. Nchi moja, siku moja. Kiangazi chako wewe ni Desemba hadi Februari.

Watoto wanacheza mpira, radi inalia mbali. Niwaache wamalize? (Mwalimu, Sironko)

Usiwaache, mwalimu. Ukisikia ngurumo, tayari mko ndani ya eneo inakoweza kupiga. Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika shule ya msingi ya Runyanya, Kiryandongo, na wale walikuwa darasani. Waingize kwenye jengo imara lenye kinga ya radi kama lipo, au kwenye gari lililofungwa. Chini ya mwembe, hapana, wala kwenye kibanda cha nyasi. Wakae mbali na kuta, madirisha na waya, na wasitoke mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Kamati ya wazazi ikikaa, kinga ya radi iwe mbele ya rangi ya geti.

Tunapanda Kapchorwa Jumamosi kwenye harusi. Tubebe sweta? (Kumi)

Bebeni. Kila mita 1,000 mnazopanda zinapunguza joto kwa digrii sita hivi, na usiku hewa baridi inateremka kutoka juu. Ondokeni mapema mfike kabla ya saa saba mchana.