Maswali na Majibu: Zero na sifuri, tumbo moja?

"Zero" ya Kiingereza na sifuri yetu zina undugu, au zinafanana maana tu? (Msomaji, Tanga)

Zimetoka tumbo moja. Wahindi waliiita shunya, yaani tupu. Waarabu waliiacha sauti wakachukua maana, wakasema sifr, nasi tukalipokea neno kwao. Leonardo wa Pisa, mwanahisabati wa Italia aliyejifunza hesabu hizo za Wahindi na Waarabu ujanani huko Bejaia, Algeria, aliliandika kwa Kilatini "zephirum" katika kitabu chake cha mwaka 1202. Waitaliano wakalifupisha hadi "zero", Wafaransa wakalichukua, likafika Uingereza. Huko lilimkuta ndugu yake: sifr ileile ilikuwa imetangulia karne mbili hivi kupitia Kifaransa cha kale, ikaitwa "cipher". Kwanza ilimaanisha sifuri, baadaye tarakimu yoyote, kisha maandishi ya siri. Ndiyo maana nasisitiza: fuateni njia ya neno, kituo kwa kituo.

Ni kweli "news" ni herufi za kwanza za pande nne za dunia? (Wengi)

Hapana. Ni "new" iliyotiwa wingi. Swali hili nimelijibu vya kutosha. Anayedai neno la kale ni kifupisho, mwambieni alete maandishi ya wakati huo.

"Day" imetokana na "dies" ya Kilatini? (Msomaji, Nakuru)

Haikutokana. Penye d ya Kilatini, Kiingereza huwa na t: "duo" ni "two", "decem" ni "ten". Jacob Grimm, mtaalamu wa lugha wa Kijerumani, alizieleza kanuni hizi mwaka 1822. Kwa hiyo d kwa d ni dalili ya kutia shaka. Jamaa halisi wa "dies" amejificha ndani ya "Tuesday", siku ya Tiw, mungu wa kale wa Waingereza. Kufanana kwa sauti kumewapoteza wengi, wakiwemo walimu.

Basi Kiingereza si mtoto wa Kilatini?

Si mtoto wake. Ni ndugu wa Kijerumani na Kiholanzi, ila kimekopa mno, hasa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Na msiishie hapo. Bado wapo wanaosema Kiswahili ni Kiarabu kwa kuwa tuna sifuri, kitabu na kahawa. Watazame ngeli, watazame vitenzi: kitabu chenyewe tumekipa wingi wa vitabu, kwa sarufi ya Kibantu. Mkopo haubadili ukoo, na kulirudia kosa hilo mbele ya watoto ni kuwanyang'anya lugha yao.

Nitumie kamusi gani?

Yoyote ya etimolojia, yaani ya asili ya maneno, inayotaja mwaka neno lilipoandikwa mara ya kwanza. Isiyotaja, iache.