Anzeni na mzani, gari litafuata

Ndugu yangu, umeeleza kwamba ninyi wakulima kumi na wanane wa mboga mnataka kukopa fedha mnunue kirikuu, gari dogo la mizigo, ili mpeleke mazao mjini wenyewe na kuachana kabisa na madalali. Nimelifanya jambo hilihili kwa miaka saba katika milima ya Uluguru, upande wa Mgeta, ambako kikundi chetu cha watu 23 huuza karoti, njegere, kabichi na viazi mviringo kwa kaya na mama lishe wa Morogoro mjini. Nakuomba kwa moyo wote msikope kwanza. Sisi hatukukwama kwa kukosa gari. Tulikwama kwenye vipimo, na tulipovimaliza vipimo tukakwama kwenye siku ya malipo.

Asubuhi ya kwanza tulipoweka mzani wa kuning'iniza chini ya mparachichi, bibi mmoja alileta karoti zake zimefungwa lumbesa kama alivyozoea, gunia limerefushwa kwa kamba hadi limevimba juu, na majani ya migomba yamechungulia mdomoni. Miaka yote aliliita gunia moja na kulipwa bei ya gunia moja. Mzani ulisoma kilo 138. Hakusema neno kwa muda, kisha akamwomba kijana apime tena. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inakataza lumbesa, na kifungashio cha mazao hakitakiwi kuzidi kilo 100, lakini sheria hiyo haina nguvu shambani ikiwa mwenye mzani ni mnunuzi peke yake. Tangu siku ile kila mzigo wetu hupimwa mbele ya mwenyewe na kuandikwa kwenye daftari mbili, moja ya kikundi na nyingine anayoondoka nayo mkulima. Huko mjini nako tuliacha kuuza kwa fungu na kwa sado, yaani kopo la kupimia, tukauza kwa kilo, na wateja walioanza kwa mashaka ndio waliotuletea majirani zao.

Kuhusu malipo, tuliumia. Katika mwaka wa pili tulipata shule moja ya bweni iliyotaka mzigo mkubwa kila wiki, tukafurahi, tukawapunguzia kaya zilizotuamini tangu mwanzo ili tuitosheleze. Malipo yaliyoahidiwa kila Ijumaa yalichelewa hadi karibu mwisho wa muhula. Wanachama wenye watoto wa kulipia ada na madeni ya mbolea hawakuweza kungoja, wakarudi kwa dalali, na sikuwalaumu, kwa sababu dalali hulipa taslimu shambani, hukopesha mbegu kabla ya msimu, na mzigo ukioza njiani hasara ni yake. Anayetaka kumwondoa lazima kwanza azifanye kazi hizo tatu. Sisi tulichanga shilingi 20,000 kila mmoja, tukapata mtaji wa shilingi 460,000 ambao kazi yake ni kumlipa mkulima siku anayoleta mzigo, wakati fedha za mteja bado ziko njiani. Mtaji huo haukopeshwi kwa msiba wala harusi, na kuulinda kumetugharimu maneno mengi katika vikao. Taasisi yoyote sasa hulipia nusu ya mzigo kabla haujashushwa.

Vilevile msimlazimishe mwanachama kukileta kikundini kila anachovuna. Bei yetu tunaipanga kwa miezi mitatu pamoja na wawakilishi wa wateja, hivyo soko linapopanda kuliko bei hiyo, kishawishi cha kuuza pembeni huwa kikubwa mno. Tulijaribu faini ikaleta chuki. Tulipokubaliana kwamba kila mtu aahidi nusu tu ya mavuno yake, na nusu nyingine auze apendako, ahadi zilianza kutimizwa, na madalali wawili tuliogombana nao sasa hutubebea mzigo kwenye gari zao kwa nauli tunayokubaliana. Ndiyo maana hadi leo hatuna gari letu.

Jambo linalotaka akili zaidi ni ratiba ya kupanda. Mama lishe anataka karoti kila siku ya mwaka, wala hana jokofu la kuhifadhia mavuno ya mwezi mzima yaliyokomaa kwa pamoja. Kwa hiyo kabla ya kusia mbegu tunakaa na orodha ya wateja, tunajumlisha kilo wanazohitaji kwa wiki, kisha tunagawana wiki za kupanda, huyu akianza leo na yule baada ya siku kumi na nne. Wenye maji ya mfereji hupewa zamu za kiangazi.

Kwa Waluguru ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama, na wanaolima bustani kwetu wengi wao ni wanawake. Tukaweka kanuni kwamba fedha huingia kwenye simu ya aliyeleta mzigo, si ya mwingine katika nyumba yake. Kanuni hii iwekeni siku ya kwanza, kwa kuwa kuibadilisha baadaye ni vigumu sana.

Mara mbili kwa mwaka wateja hupanda mlimani kukagua mashamba pamoja nasi, na wanaruhusiwa kuuliza lolote kuhusu dawa tunazopulizia. Baadhi yetu sasa tunajiandaa kufuata kiwango cha Afrika Mashariki cha kilimo hai, kilichopitishwa mwaka 2007, ambacho kinakubali uhakiki wa namna hii unaofanywa na wakulima na walaji wenyewe, bila gharama kubwa ya wakaguzi wa nje.

Kama mko tayari, tafuteni kaya ishirini tu na mama lishe watatu, mnunue mzani, mkayajaribu haya kuanzia Juni, masika yakiisha na barabara ikikauka. Niandikie mtakapokuwa mmemaliza mwezi wa kwanza, unitajie kilo mlizoahidi na kilo zilizofika mjini, nami nitakusaidia kupanga ratiba ya zamu.