Maswali yenu: baada ya matanga

*Matanga ya kaka yangu yamekwisha. Wifi yangu yuko edani hapa Langoni, Lamu, na watu wamekatika kuja. Nimfanyie nini?*

Usimwambie "ukihitaji kitu niite". Hatakuita. Jichagulie kazi mwenyewe: soko, kufua, kuwapeleka watoto madrasa. Eda ya mjane ni miezi 4 na siku 10, tena kwa hesabu ya mwezi mwandamo. Mwenye mimba eda yake huisha anapojifungua. Ni muda mrefu wa kukaa ndani. Mkinge pia na wanaomtisha, eti asijitazame kiooni, asishike simu, asiende hata hospitali. Alichokatazwa ni mapambo, manukato, kuposwa waziwazi na kutoka bila haja. Ugonjwa ni haja. Kuzungumza hakukukatazwa, wala kucheka. Akimtaja marehemu, usigeuze maneno; mwulize zaidi. Nawe umefiwa na ndugu, basi lieni pamoja.

*Tumefiwa na bado twakopa mchele kuwalisha wanaokuja kuhani. Ni lazima?*

Si lazima. Alipouawa Jaafar bin Abi Talib vitani Mu'ta, Mtume (S.A.W.) aliagiza jamaa za Jaafar wapikiwe, kwa kuwa wameshughulishwa na msiba. Sisi tumepindua: mfiwa apika, mgeni ala na kulalamika nyama kidogo! Mtafuteni mzee mmoja mwenye sauti mtaani awatangazie kwamba sufuria zitatoka kwa majirani.

*Mwanangu ana miaka 6. Tulimwambia babu amesafiri. Sasa auliza atarudi lini. (Mama, Shela)*

Mwambieni leo: babu amekufa, mwili wake hauwezi tena kula wala kupumua, hatarudi, na si kosa la mtoto. Kesho atauliza tena lilelile. Mjibuni vilevile, bila ukali. Mkishikilia "amesafiri", ataogopa kila apandaye boti kwenda Mokowe.

*Mjomba alizama wakati wa kusi, mwili haukuonekana. Mkewe bado amwekea chakula. Tumlazimishe akubali? (Kizingitini)*

Msimlazimishe. Asiyezika hukosa mengi: kuosha, kusalia, kaburi la kuzuru. Sahani aiondoe mwenyewe siku atakayotaka. Msaidieni kwa yanayobana, kama ada za shule na deni la mashine ya boti. Ila eda na mirathi ya aliyepotea haviamuliwi barazani, hata wazee wakiwa na hakika namna gani. Mfuateni kadhi, mwende na mabaharia waliokuwa naye siku ile.