Jina lisilofanana kwenye vyeti: lishughulikie ukiwa bado chuoni

Mdogo wangu, nimekuelewa: uko mwaka wa pili, unalenga utumishi wa umma, na jina lako la kati kwenye cheti cha kidato cha nne halifanani na la kitambulisho cha taifa cha NIDA. Anza na jina hilo sasa, kwani Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa Sekretarieti ya Ajira wa kuombea kazi serikalini Tanzania, unadai namba ya NIDA, na mimi nilihangaika miezi kadhaa kwa herufi moja tu, "Said" na "Saidi". Mwone wakili akuelekeze kuhusu hati ya kubadili jina. Kisha soma polepole Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002, maana usaili wa kuandika huwachuja wengi. Atakayekudai fedha ili akupatie nafasi, usimpe hata senti, mripoti TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa.